Ngozi Iliyoning'inia Kati Yetu

Mzee tumemzika Jumanne, na tope la makaburini bado limegandia kwenye viatu vyangu. Sitalitaja jina lake. Nilikuja kuwa mkamwana wa nyumba yake nikiwa na miaka kumi na tisa, leo nina wajukuu wanaovaa sare za sekondari, na katika muda wote huo jina lake halijawahi kutoka mdomoni mwangu, wala uso wake sijawahi kuutazama. Watakaosoma haya kutoka mikoa mingine watasema natia chumvi. Sitii. Kwetu huku Kyela, kwa watu wa umri wangu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye, na akimwona anakuja kwa mbali anachepuka kwenye migomba mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na wakwe zao wakiwa wameshikana mabega, na mchungaji yuko hapo hapo anacheka, wala siwalaumu. Lakini mimi na Mzee tulishikwa na ile ya zamani, na tukiwa ndani yake alinifundisha kazi iliyonilisha maisha yangu yote. Ilianza mwaka wa tandiko la farasi, na kuna jambo la mwaka ule ambalo sikumwambia mpaka Jumanne hii.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mianzi kilichokandikwa udongo, kimeegemea jiko la Mama, yaani mama mkwe wangu. Kati ya jiko na karakana ulikuwa ukuta mwembamba, na kupitia ukuta ule nilimjua Mzee kwa masikio kabla ya kingine chochote. Nilijua kikohozi chake, nilijua anavyoguna uzi ukikatika, nilijua kwamba akichonga kisu anahesabu mpaka ishirini kwa Kinyakyusa. Harufu ya ngozi iliyolowekwa kwenye magome ya miti ilipita ukutani ikaingia kwenye wali, na kwa miezi ya kwanza kila nilichokula kilikuwa na ladha ya kiatu. Alitengeneza kubadhi, mikanda, ngoma za kwaya na viti vya baiskeli, na kijiji chetu kizima cha Ipinda kilijua kwamba mshono wa Mzee haufumuki. Mume wangu, Lusajo, alikuwa ameajiriwa Mbeya, anakuja mwisho wa mwezi na kuondoka. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: Mzee upande ule, mimi upande huu, na Mama katikati akibeba maneno ya huku kuyapeleka kule.

Mwaka mmoja kabla ya lile tandiko kiharusi kilikuwa kimempiga Mzee mkono wa kushoto. Mkono wenyewe ulikuwepo, uliweza hata kushika kikombe, lakini sindano haukuiweza. Na mshono wake ulitaka sindano mbili: unatoboa ngozi kwa msharasi, sindano moja inapita kutoka kulia, nyingine inapita tundu hilo hilo kutoka kushoto, kisha unavuta pande zote mbili kwa pamoja. Mama alijaribu kuwa mkono wa kushoto. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, akajichoma kidole, akatupa sindano na kusema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na kiatu. Wateja wakaanza kupungua.

Ndipo akaja Bwana Hamisi. Alikuwa mtu wa Tanga, msimamizi katika shamba moja la chai huko juu Tukuyu, na nilimsikia nikiwa jikoni nachambua usipa, dagaa wa ziwa letu. Alitoa shikamoo, akaketi, akasifu ndizi za huku, halafu akasema shida yake. Ule ulikuwa mwaka ambao mafuta ya gari yalitafutwa kwa tochi, na pale shambani palikuwa na farasi mmoja aliyebaki tangu zamani, ambaye sasa ndiye aliyemtembeza kukagua chai. Stoo ikaungua, tandiko likaungua nalo, vikabaki vile vyuma viwili vya kukanyagia miguu.

"Unataka nikushonee tandiko la farasi," Mzee akasema.

"Kama utaweza, Mzee wangu."

"Yuko wapi huyo farasi nimpime?"

"Siwezi kumshusha huku bondeni. Joto hili na mainzi haya yatamuua."

Mzee alikuwa hajawahi kumwona farasi zaidi ya yule wa kwenye kalenda ya kanisa. Lakini nadhani alikuwa pia amechoka kuhurumiwa, maana tangu augue kila aliyepita alimpa pole na hakuna aliyempa kazi. "Mgongo ni mgongo," akasema. "Niachie hivyo vyuma."

Siku tatu baadaye Mama aliniita karakanani kwa mara ya kwanza. Nilikuta ngozi nzima ya ng'ombe mwekundu imening'inizwa kwenye mwanzi kutoka dari hadi sakafuni, ikikata chumba nusu kwa nusu. Katikati yake Mzee alikuwa ametoboa dirisha dogo, upana wa viganja viwili, na kwenye dirisha hilo alifunga mbao mbili za kubania kazi, zikaliziba. "Wewe utakaa huku," Mama akasema, "yeye atakaa kule. Yeye hakuoni, wewe humwoni. Sindano ikitokeza, vuta, halafu rudisha yako. Hapo hakuna aliyevunja kitu." Kule upande wa pili mtu akakohoa. Nikakaa kwenye kigoda, na ncha ya sindano ikatokeza kwenye ngozi, ikisubiri.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Hakuweza kusema nami, kwa hiyo alisema na ngozi. "Ngozi, umelegea," alikuwa akisema, na mimi nikavuta zaidi. "Ngozi, usinivute kwa hasira, mimi si mume wako," na mimi nikalegeza huku najizuia kucheka. Uzi wetu ulikuwa ule wa kusukia nyavu, umepakwa nta mpaka ukawa mweusi, na ulinikata vidole hadi nikajifunza kuuzungushia kitambaa. Nilikuja kumjua kupitia ule uzi kuliko nilivyomjua mtu yeyote. Akiwa na furaha sindano ilikuja haraka. Siku mvua ilipotia baridi na mkono ukamuuma, ilikuja polepole, na mimi nikairudisha polepole. Mpaka leo sijui kama kuna ndoa nyingi zinazosikilizana hivyo, na hapo nahesabu na ya kwangu.

Lakini tandiko halishonwi hewani, lina kiunzi cha mbao ndani, na kiunzi hukaa juu ya mgongo wa mnyama. Mzee alikwenda kuazima mgongo. Sisi huku tumekua na ng'ombe, tunawajua ng'ombe kama wengine wanavyojua watoto wao, na jirani alikuwa na dume zuri tulivu. Nilisikia linafungwa nje ya karakana. Nilisikia Mzee akilipima kwa kamba, akichonga, akilivisha mbao, akivua, akichonga tena, na dume likitafuna majani ya migomba bila habari. Nundu ya dume ilimpa kazi. Alimwambia Mama amekata mbele ya kiunzi pana sana ili nundu ipate nafasi, akapiga ulimi kuonyesha ameridhika. Na mimi, nikiwa jikoni na mwiko mkononi, nilijua kwamba amekosea.

Nilijua kwa sababu nilimjua yule farasi. Mimi ni Mkisi wa Ikombe, kando ya ziwa, na kwetu wanawake wanafinyanga. Nikiwa msichana tulipanda na vyungu kichwani mpaka huko kwenye chai kuuza, na farasi alikuwa akinywa maji kwenye birika kando ya barabara. Aliyekuwa akimtunza alituruhusu tumguse. Wenzangu walimshika pua wakakimbia. Mimi nilipitisha kiganja mgongoni mwake kutoka shingo hadi kiuno, mara mbili, kwa sababu sikuwa nimewahi kugusa umbo kama lile, na mkono uliozoea kufinyanga hauliachi umbo hivi hivi. Farasi hana nundu. Mahali ambapo ng'ombe ana nundu, yeye ana mfupa uliochongoka, mwembamba, na pande zake zinateremka. Kiunzi kipana kikiwekwa pale kitazama, na ubao utakaa juu ya mfupa.

Kwa nini sikusema? Nilisema mara moja, kwa Mama. Nilimwambia tukiwa tunapepeta mchele: "Mama, farasi hana nundu. Nilimwona nilipokuwa mdogo."

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna, Mama. Nasema tu, labda Mzee..."

"Unataka niende nikamwambie mume wangu kwamba mke wa mwanawe anamfundisha kazi? Mtu ambaye hata uso wake huujui? Kashone."

Ningeweza kuisemesha ile ngozi kama yeye alivyoisemesha. Nilifikiria kila siku. Lakini wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesikia jambo jingine kupitia ukuta mwingine, ule wa upande wa uani, Mama akiongea na mwenzake wa kwaya. "Mwaka wa pili huu na tumbo liko pale pale," alisema. "Tukishavuna mpunga, naona arudi kwao." Yule mwenzake akaguna kwa kukubali. Nilimpenda Lusajo, na nilikuwa nimeanza kuipenda ile kazi kwa namna iliyonitisha. Mkamwana asiye na mtoto, halafu anafungua mdomo mbele ya mkwe, halafu anamwambia amekosea: hapo wasingesubiri hata mpunga ukomae. Kwa hiyo nilifunga mdomo, nikashona. Nilishona kila tundu la tandiko lile nikijua litamuumiza mnyama.

Likawa zuri sana. Lilikuwa na rangi ya chai iliyokolea, limejazwa sufi, mshono umenyooka kama mistari ya daftari, na watu wa Ipinda walikuja kulitazama kana kwamba ni mtoto amezaliwa. Mama aliwapikia wote ndizi kwa maziwa ya mgando. Bwana Hamisi alilibeba mwenyewe hadi kwenye lori, akageuka akasema Tanga hawajui kitu kama hiki. Mimi nilikaa jikoni nikiosha sahani za wageni.

Bwana Hamisi alirudi mwezi haujaisha. Safari hii sikusikia habari za ndizi. Nilikuwa kwenye kigoda changu nyuma ya ngozi, tunashona mkanda, na alipoingia sikuwahi kutoka.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Farasi amepata kidonda. Juu ya mabega, kikubwa kama kiganja. Mfupa unakaribia kuonekana. Mganga wa mifugo amesema asipandwe, na akipona asivishwe tena hili."

Nilisikia tandiko likiwekwa sakafuni. Nilimsikia Mzee akilipapasa. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Kosa ni langu. Mpe pole yule mnyama." Nilijibana kwenye kigoda nikauma kitambaa cha vidoleni.

Mzee aliacha kazi. Sahani zilirudi jikoni na wali wake, Mama akazitazama, akawapa kuku. Nilimsikia akimwambia Mama atafute mtu wa kununua misharasi na visu, kwa kuwa fundi asiyeweza kupima si fundi. Mama, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu la kila kitu, alitoka nje akalia nyuma ya choo akidhani simwoni. Ndipo nilipoona kwamba nimeinunua nafasi yangu katika nyumba ile kwa kuibomoa nyumba yenyewe. Niliona aibu, na aibu ile haijanitoka.

Mama alipokwenda Bujonde kuvuna, niliingia karakanani. Nilijua Mzee yuko kule ng'ambo, nilisikia pumzi yake. Nikakaa kwenye kigoda. Dirisha lilikuwa tupu, mbao za kubania zimefunguliwa, nikageuza uso pembeni nisije nikaona kitu.

"Ngozi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Farasi hana nundu. Mbele mgongo wake umechongoka kama mkuku wa mtumbwi uliopinduliwa. Niliwahi kuushika. Naweza kuufinyanga kwa udongo, ukapima juu yake."

Nikawaza nguo zangu zitaingia kwenye kapu lipi.

"Ngozi," Mzee akasema hatimaye, polepole, "uliza huo udongo unapatikana wapi."

"Ikombe," nikaiambia ngozi.

Jioni hiyo alimwambia Mama maneno haya tu: "Mke wa Lusajo aende kwao." Mama hakuuliza zaidi. Alinifungia nguo, akaniwekea mchele wa kupelekea wazazi na kuku mmoja aliyefungwa miguu, akanishika mkono muda mrefu akisema ndaga, yaani asante, kwa yote niliyofanya, ndaga fijo, na kwamba hana ubaya nami. Sikuthubutu kumweleza. Nilikwenda hadi Matema, nikapanda mtumbwi mpaka Ikombe, na siku nne baadaye nilirudi na mizigo mitatu ya udongo. Mama alikuwa anafagia uwanja. Alisimama na ufagio, akautazama udongo, akanitazama mimi, kisha akaegesha ufagio ukutani akanisaidia kushusha mzigo.

Niliufinyanga mgongo wa farasi pale uani, kwa pete za udongo, mtupu ndani kama chungu kilicholazwa, kutoka shingo hadi kiuno. Nilifumba macho nikaacha kiganja kikumbuke. Watu walipita wakauliza Mkisi anafinyanga kaburi au mtumbwi. Ulipokauka niliuchoma kwa nyasi na majani makavu ya migomba, ukapata ufa mmoja mrefu ubavuni, lakini ukashika. Mzee alipotoka, mimi na Mama tuliuingiza karakanani upande wake. Nilisikia mkono wake mzima ukipita juu ya ule udongo, unakwenda, unarudi, unasimama pale palipochongoka. Alirudia mara nyingi. Kisha nikasikia kisu kinanolewa, na Mzee anahesabu.

Tandiko la pili halikuwa zuri kama la kwanza. Ngozi ya tumboni ilikuwa na makovu ya kupe, na uzi uliisha tukaunga. Bwana Hamisi alilichukua bila maneno mengi. Baada ya wiki kadhaa alituma kwa dereva pakiti kubwa ya majani ya chai na ujumbe kwamba kidonda kimepona na tandiko limekaa. Mama alichemsha ile chai na kumpa kikombe yule mwenzake wa kwaya, na mimi nilikuwa ukutani, kama kawaida yangu. "Na yule mkamwana?" mgeni akauliza. "Yule haendi popote," Mama akajibu. "Yule ni fundi wa nyumba hii." Watoto walikuja baadaye, wanne, wakati wao walipotaka.

Tuliendelea kushona hivyo mpaka macho ya Mzee yalipokataa, na ile ngozi haikushuka kwenye mwanzi wake. Nilikuja kumwona farasi mara moja tena, nilipopita kule juu na Lusajo. Alikuwa wa rangi ya kahawia, lakini juu ya mabega, pale palipokuwa na kidonda, manyoya yalikuwa yameota meupe. Lusajo alisema anapendeza. Mzee alikufa akiamini kwamba lile kosa lilikuwa lake peke yake. Alidhani nilimkumbuka farasi baadaye, nilipoona anahangaika. Mara nyingi alisimulia watu, nami nikimsikia, kwamba kosa lake lilikuwa kutouliza, na kwamba laiti angeuliza, nyumbani kwake mlikuwa na mtu anayejua. Kila aliposema hivyo nilikaza uzi nikanyamaza. Ngozi ilikuwa pale, ningeweza kuiambia wakati wowote.

Jumanne, chini ya maturubai, watu walipanga mstari kuaga mwili. Wakamwana vijana walipita wakamtazama usoni, mmoja akamshika shavu. Nilikuwa nimeamua kubaki nyuma pamoja na wapishi. Lusajo, naye ni mzee sasa, alinifuata akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba aliacha neno. Zamu yako ikifika, afunikwe ile ngozi." Sitaficha, nilikasirika. Niliona kwamba hata maiti yake inanikwepa. Kama ni kumficha tu, shuka ingetosha. Nilitembea kuelekea kwenye jeneza nikilisema neno hilo moyoni, kwamba shuka ingetosha, na nilipofika ndipo nikaelewa kwa nini hakutaka shuka.

Walikuwa wameilaza juu yake kutoka kichwani hadi kiunoni, ile nyekundu, imeparara pembeni, inang'aa pale tuliposhikia miaka yote. Dirisha lilikuwa limeangukia juu ya mikono yake. Nikaona vidole vinne vya mkono wa kulia na sugu ya msharasi, vitu ambavyo sikuwahi kuviona. Nikainama.

"Ngozi," nikasema. "Yule farasi nilimjua tangu siku ya kwanza. Nilijua kabla tandiko halijashonwa. Nilinyamaza kwa kuogopa kurudishwa kwetu. Kile kidonda ni changu."

Waliokuwa nyuma yangu walidhani nasali, wakanisubiri kwa adabu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa dirisha kwa mkono wa kushoto, kama nilivyokuwa nikikaa, na kwa mazoea tu nikangoja sindano irudi.